Kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye kalsiamu ya moyo: mwongozo kamili kwa wanaotoa dawa

Sumu ya wadudu iliyommwagikia mkulima wa mpunga kule Ahero, sindano ya aminofilini anayochomwa mgonjwa wa pumu Nakuru, na vidonge vya antibiotiki ya klarithromaisini vinavyouzwa Kondele, Kisumu, vina jambo moja la kufanana. Vyote huzuia vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, na vyote vinaweza kubadilisha jinsi kalsiamu inavyoingia katika seli za moyo. Lakini cha kwanza huelekea kuyapunguza mapigo, cha pili huyakimbiza, na cha tatu huhitaji dawa nyingine iwepo mwilini ndipo kiifikie kalsiamu. Anayekariri kwamba "vizuizi vya vimeng'enya huathiri mifereji ya kalsiamu" hajajua lolote la kumsaidia mgonjwa.

Nimewaandikia wanafunzi wa uuguzi, famasia na utabibu walioko Kisumu, Maseno, Kakamega, Eldoret na Nakuru, pamoja na kila anayekabidhi dawa kwa mkono wake. Orodha za dawa zisizopaswa kukutana ni ndefu mno. Hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na kufikia mwezi wa pili wodini zimeshapotea. Nataka ushike njia ya kufuata, ambayo utaitumia hata kwa dawa ambayo hukuwahi kufundishwa.

Msingi wa njia hiyo ni huu: ni nadra kizuizi cha kimeng'enya kuugusa mfereji wa kalsiamu wenyewe, yaani mlango wa protini kwenye utando wa seli. Kinasimamisha kazi fulani mahali fulani. Kazi ikisimama, kitu kinarundikana na kingine kinapungua, na hicho ndicho kinachofika kwenye mfereji. Basi usianze kwa kuuliza kama kizuizi kinafungua au kinafunga. Anza kwa kuuliza kimeng'enya kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hakijazuiwa.

Kabla ya yote, ujue mfereji

Seli ya misuli ya moyo ikiwa imepumzika, kalsiamu iliyo huru ndani yake ni kidogo sana, nanomoli 100 hivi kwa lita. Katika majimaji ya nje kuna zaidi ya milimoli 1 kwa lita. Tofauti hiyo inafika mara 10,000, kwa hiyo kalsiamu inasukumwa kuingia wakati wote na inangoja tu njia ifunguliwe. Njia kuu katika misuli ya moyo ni mfereji wa aina ya L, unaoitwa Cav1.2. Umeme wa utando wa seli ukipanda kutoka milivolti −85 hivi za mapumziko na kupita −40, mfereji unaanza kufunguka, na mkondo wake hufikia kilele umeme ukiwa karibu na sifuri.

Kalsiamu inayoingia hapo haitoshi kuukunja msuli. Inaligusa ghala la ndani, retikulamu ya sarkoplazimu, nalo linamwaga kalsiamu nyingi zaidi. Pigo likiisha, pampu iitwayo SERCA inairudisha ghalani, na nyingine inatolewa nje na kibadilishaji kinachoingiza sodiamu 3 ili kutoa kalsiamu 1. Shika hesabu hiyo ya 3 kwa 1, maana bila yake hutaielewa digoksini, dawa ya moyo tutakayoifikia.

Kwamba moyo hauwezi kuishi bila kalsiamu ya nje kulionyeshwa London na Sydney Ringer, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1883. Moyo wa chura ulikuwa ukiendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ulidhoofika yalipotumika maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupoozwa. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu. Dripu ya Ringer unayoitundika wodini ina jina lake, na kalsiamu bado imo ndani.

Kwa kazi yetu, mfereji huu hufikiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni fosfati: vimeng'enya vya ndani ya seli vikitia fosfati mahali panapostahili, mfereji hufunguka kwa urahisi zaidi, na fosfati ikiondolewa hurudi ulivyokuwa. Ya pili ni ioni zilizomo ndani ya seli, kwa sababu kalsiamu ikizidi ndani, protini iitwayo kalmodulini huufanya mfereji ujifunge mapema. Ya tatu ni dawa zinazoziba mfereji, kama amlodipini, nifedipini, verapamili na diltiazemu. Hizi huwa nyingi au chache katika damu kulingana na kazi ya ini na utumbo. Ukipewa kizuizi chochote, lazima ujue kinatumia njia ipi kati ya hizo.

Hatua ya kwanza: taja kimeng'enya, kisha mahali kilipo

Chukua daftari na uandike mambo matatu kwenye mstari mmoja: jina la kimeng'enya, kilipo, na kazi yake. Fosfodiesterezi ya 3, kwa kifupi PDE3, imo ndani ya seli ya moyo na huvunja saikliki AMP, kemikali ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Asetilikolinesterezi iko kwenye miisho ya neva na huvunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe. Pampu ya sodiamu na potasiamu iko kwenye utando wa seli, nayo ni kimeng'enya kamili kwa sababu huvunja ATP, nishati ya seli, ili ifanye kazi. CYP3A4 iko kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, na huvunjavunja dawa.

Mahali ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Wakisikia "moyo" wanatafuta kimeng'enya cha moyo, ilhali kesi nyingi utakazokutana nazo dukani zinaanzia kwenye ini.

Hatua ya pili: uliza nini kinarundikana

Chukulia PDE. Adrenalini ikishika kipokezi cha beta, kimeng'enya kingine hutengeneza saikliki AMP kutoka kwa ATP. Saikliki AMP huamsha kimeng'enya kiitwacho PKA, PKA hutia fosfati, na kalsiamu inayoingia kwa kila pigo inaongezeka. Wakati huohuo PDE inaivunja saikliki AMP. Fikiria karai lenye tobo lililowekwa chini ya bomba: PDE ni hilo tobo. Ukiliziba, karai litajaa hata kama hukulifungua bomba zaidi. Ndiyo sababu milrinoni, inayozuia PDE3, huweza kuupa moyo nguvu hata kwa mgonjwa anayemeza dawa za kuzuia vipokezi vya beta. Inafanya kazi mbele ya mahali palipozuiwa.

Kuna jambo hapa ambalo baadhi ya vitabu vyetu havijalirekebisha. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba PKA hutia fosfati kwenye mfereji wenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha kwamba shabaha ni protini ndogo iitwayo Rad, ambayo hukaa karibu na mfereji na kuuzuia. Rad ikitiwa fosfati huuachia mfereji. Muuguzi hatabadilisha dozi kwa sababu ya habari hii, lakini mwanafunzi anayechora njia hii kwenye karatasi ya mtihani anapaswa kuichora jinsi ilivyo.

Hatua ya tatu: fuata kilichorundikana hadi kwenye mfereji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nitakaa kwa muda, kwa sababu kila kizuizi kina safari yake.

Tumalize na PDE. Ukiizuia, saikliki AMP inajaa, kalsiamu inaingia kwa wingi, pigo linakuwa na nguvu na la haraka. Hiyo ni habari njema kwa saa chache, kwa mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa karibu. Kwa miezi mingi mambo hugeuka. Jaribio liitwalo PROMISE, lililochapishwa mwaka 1991, liliwahusisha wagonjwa 1,088 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kazi vibaya. Waliopewa milrinoni ya kumeza walikufa kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 28. Moyo uliodhoofika ukilazimishwa kupokea kalsiamu zaidi kwa kila pigo hutumia nguvu ambazo hauna, na mapigo yake huvurugika. Silostazoli, inayotolewa kwa maumivu ya miguu yanayotokana na mishipa kuziba, nayo huzuia PDE3, na kwa sababu hiyohiyo haipewi mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi.

Jina la PDE lisikudanganye lakini. Sildenafili, kidonge cha nguvu za kiume kinachouzwa kila mahali, huzuia PDE5, ambayo huvunja saikliki GMP, ndugu wa saikliki AMP. Hiyo inaporundikana katika mishipa ya damu, kalsiamu ndani ya misuli ya mishipa hupungua, mishipa hulegea na presha hushuka. Ni ukoo mmoja wa vimeng'enya, lakini matokeo yanakwenda upande mwingine. Sildenafili ikikutana na dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha huweza kuporomoka hadi mtu akafa. Muulize mgonjwa wa kifua kuhusu vidonge hivyo bila haya, na umuulize akiwa peke yake.

Sasa twende shambani. Viuadudu vya kundi la oganofosfeti huzuia asetilikolinesterezi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunja asetilikolini, kwa hiyo kinachorundikana ni asetilikolini. Inafika kwenye moyo na kushika vipokezi vya M2, ambavyo hupunguza kutengenezwa kwa saikliki AMP na pia hufungua mifereji ya potasiamu. Katika seli zinazoanzisha mapigo, umeme hushuka na mapigo hupungua. Katika seli za vyumba vya chini vya moyo jambo ni tofauti kidogo: asetilikolini peke yake haibadilishi sana mkondo wa kalsiamu, lakini huufuta ule ulioongezwa na adrenalini. Na mtu aliyepatwa na sumu ana adrenalini tele mwilini. Ndiyo maana unaweza kumpokea akiwa na mapigo ya haraka, kwa sababu sumu huchochea pia neva zinazomwaga adrenalini, kisha mapigo yakashuka baadaye. Mapigo ya haraka yasikufanye ukatae kwamba ni oganofosfeti. Tazama mboni zilizosinyaa, mate, jasho, povu mdomoni, kifua kinachokoroma.

Atropini, dawa ya sumu hii, huzuia vipokezi vya M2 na ndugu zake, haikigusi kimeng'enya. Hutolewa kwa kuongezwa maradufu kila dakika 5 hivi mpaka kifua kiwe safi, mapigo yapite 80 kwa dakika na namba ya juu ya presha ipite 80. Usiisimamishe kwa sababu mboni zimepanuka. Kifua ndicho kipimo chako. Kabla ya hayo yote, mvue mgonjwa nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, na uvae glavu, maana sumu hupenya ngozini mwako pia.

Digoksini ni kizuizi cha kimeng'enya ambacho wengi husahau kukiita hivyo. Inazuia pampu ya sodiamu na potasiamu, ile aliyoigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, na iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu ikizuiwa, sodiamu inarundikana ndani ya seli. Rudi kwenye hesabu ya 3 kwa 1: kibadilishaji hutoa kalsiamu kwa kutegemea sodiamu inayotaka kuingia. Sodiamu ikishajaa ndani, hamu hiyo hupungua na kalsiamu hubaki. Ghala hujaa na pigo huwa na nguvu. Mfereji wa aina ya L haukufunguliwa zaidi. Kinyume chake, kalsiamu iliyozidi ndani huufanya ujifunge mapema. Mwanafunzi akikwambia digoksini "hufungua mifereji ya kalsiamu", mrudishe kwenye hatua ya pili.

Potasiamu na digoksini hugombea nafasi kwenye pampu hiyohiyo. Mgonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, na kanda hii ya magharibi tunao wengi na ni vijana, mara nyingi humeza digoksini pamoja na furosemidi. Furosemidi humwaga potasiamu kwenye mkojo, digoksini hupata nafasi zaidi, na sumu huanza hata dozi isipoongezwa. Kichefuchefu, kuona rangi za manjano, mapigo yanayoruka: mpime potasiamu siku hiyohiyo.

Vizuizi vya kimeng'enya cha angiotensini, yaani enalapirili, kaptopirili na wenzao, havina mambo mengi hapa. Vinapunguza angiotensini ya II, kemikali inayobana mishipa, mishipa inalegea, moyo unapumua. Havizibi mfereji wa kalsiamu, ndiyo maana huandikwa pamoja na amlodipini bila shida.

Kwa wanaosoma tafiti za maabara nitaongeza jambo moja. Utakutana na H-89 inayozuia PKA, KN-93 inayozuia CaMKII (kimeng'enya kingine cha kutia fosfati, kinachoamshwa na kalsiamu), na asidi ya okadaiki inayozuia vimeng'enya vya kuondoa fosfati. Hii ya mwisho hurundika fosfati, kwa hiyo mkondo wa kalsiamu huongezeka. Lakini H-89 huzuia vimeng'enya vingine vingi pia, na KN-93 ni miongoni mwa vile vichache vinavyougusa mfereji moja kwa moja. Usiamini hitimisho lolote la KN-93 mpaka uone waandishi wametumia pia KN-92, ndugu yake asiyezuia CaMKII. KN-92 nayo ikipunguza mkondo, basi kimeng'enya hakikuhusika.

Hatua ya nne: usisahau ini na utumbo

Kama una nafasi ya kujua hatua moja tu vizuri, jua hii, kwa sababu ndiyo inayotokea kila siku.

Amlodipini, nifedipini, felodipini, verapamili na diltiazemu zote huvunjwa na CYP3A4. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kinachorundikana ni dawa yenyewe, na mifereji mingi zaidi huzibwa. Vizuizi vyake vimejaa kwenye rafu zetu: klarithromaisini, erithromaisini, itrakonazoli, flukonazoli kwa kiasi cha wastani, na ritonaviri.

Matokeo hutegemea ni dawa ipi imerundikana. Amlodipini na nifedipini hushika zaidi mfereji wa misuli ya mishipa ya damu. Zikizidi, presha hushuka, kichwa huwa chepesi, vifundo vya miguu huvimba, na kwa nifedipini moyo hukimbia ili kufidia presha iliyoshuka. Verapamili hushika zaidi moyo wenyewe. Ikizidi, mapigo hupungua na umeme wa moyo huweza kukwama njiani. Kwa hiyo klarithromaisini hiyohiyo inaweza kumpa mgonjwa mmoja mapigo ya haraka na mwingine mapigo ya polepole. Anayefuata njia hatashangaa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wazee wa jimbo la Ontario, Kanada, uliwalinganisha watu waliokuwa wakimeza dawa za kuziba kalsiamu wakaongezewa klarithromaisini na wale walioongezewa azithromaisini. Kulazwa kwa kuumia ghafla kwa figo kulikuwa mara mbili hivi kwa kundi la klarithromaisini, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia nifedipini. Figo huumia kwa sababu presha ikishuka mno damu haizifikii vya kutosha. Azithromaisini haizuii CYP3A4 kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo mzee akikuletea karatasi ya klarithromaisini na unajua yuko kwenye amlodipini ya miligramu 10, usimrudishe nyumbani mikono mitupu, na usimwambie aache dawa ya presha. Mpigie aliyeandika, umuulize kama amoksilini au azithromaisini inaweza kutosha kwa ugonjwa huo. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, mkubaliane kuhusu dozi ya amlodipini na siku za kupima presha.

Kuhusu ARV, zingatia mambo mawili. Wengi wa wagonjwa wetu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay sasa wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambayo haizuii CYP3A4. Walio kwenye mstari wa pili wa matibabu mara nyingi wana ritonaviri, nayo ni kizuizi kikali. Kwao amlodipini huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, na sildenafili ni hatari maradufu. Huwezi kujua haya usipouliza, na hutajibiwa ukweli ukiuliza mbele ya foleni. Msogeze pembeni. "Mama, mbali na hizi za presha, kuna dawa za kliniki nyingine unazomeza kila siku? Nataka tu zisigombane." Swali la namna hiyo linafungua mengi. Uliza pia mitishamba, na ukiambiwa jina usilolijua, andika ulivyolisikia.

Rifampisini ya kifua kikuu huenda upande mwingine kabisa: huongeza CYP3A4 badala ya kuizuia. Amlodipini hupungua, na nifedipini huweza kubaki bila kazi. Presha ikimpanda mgonjwa wa TB usimlaumu kwamba hamezi dawa. Na ikiwa dozi iliongezwa kwa sababu hiyo, matibabu ya TB yakiisha kimeng'enya hurudi kwenye kiwango cha kawaida kwa wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa sasa itamzidi.

Balungi nalo linastahili kutajwa. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake, katika mji wa London wa Ontario, walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, wakakuta dawa imepanda mno katika damu. Balungi huharibu CYP3A4 ya ukuta wa utumbo. Felodipini huvunjwa sana hapo, kiasi kwamba asilimia 15 hadi 20 tu hufika kwenye damu kwa kawaida, kwa hiyo ukiondoa ulinzi wa utumbo huongezeka sana. Amlodipini hufika kwa asilimia 60 hadi 90 tayari, na balungi huibadilisha kidogo tu. Hivyo mama wa amlodipini anayependa balungi usimtishe, na chungwa la kawaida halina neno.

Verapamili na diltiazemu zina tabia ya ziada: zenyewe huzuia CYP3A4. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, haipaswi kuzidi miligramu 10 kwa siku ikiwa na mojawapo ya hizo, wala kuzidi 20 ikiwa na amlodipini.

Kisha kuna kesi ambapo kizuizi hukutana na kizuizi. Aminofilini hutoa theofilini, ambayo ikizidi huzuia PDE. Theofilini huondolewa na vimeng'enya vya ini, hasa CYP1A2. Siprofloksasini huzuia CYP1A2. Mgonjwa wa pumu aliye kwenye theofilini akipewa siprofloksasini kwa ajili ya mkojo au tumbo, kizuizi cha ini kinarundika kizuizi cha PDE, nacho kinarundika saikliki AMP, na kalsiamu inaingia moyoni kwa wingi. Hufika akitapika, akitetemeka, moyo ukikimbia, potasiamu ikiwa chini. Bila kufuata njia hatua kwa hatua, utadhani ni pumu imezidi na utamwongezea aminofilini.

Hatua ya tano: linganisha kiasi

Kizuizi hufanya kazi kwa kiasi fulani, na kiasi cha maabara si kiasi cha mwilini. Kafeini huzuia PDE, ni kweli, lakini hufanya hivyo ikifika mamia ya mikromoli kwa lita. Kikombe kimoja cha kahawa au cha chai ya Kericho huacha mikromoli chache tu katika damu. Mapigo unayoyahisi yanatokana zaidi na kafeini kuzuia vipokezi vya adenosini. Vivyo hivyo theofilini: ikiwa miligramu 10 kwa lita, kazi kubwa ni ya adenosini, ikipita 20, PDE inahusika zaidi na sumu huanza kuonekana.

Hatua ya sita: pima kile ambacho njia imekuonyesha

Kipimo kifuate njia. Ikiwa kilichorundikana ni saikliki AMP, hesabu mapigo, pima potasiamu, na upate ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Ikiwa ni digoksini, potasiamu na kazi ya figo ndivyo vya kwanza, kwa sababu digoksini hutoka kwa figo. Ikiwa ni amlodipini au nifedipini, pima presha akiwa amekaa, kisha umpime tena baada ya kusimama dakika 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, yuko hatarini kuanguka. Ikiwa ni verapamili, mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu ni sababu ya kumpeleka hospitali yenye ECG bila kungoja kesho.

Na pima kwa wakati unaofaa. Amlodipini hukaa mwilini sana: huhitaji saa 30 hadi 50 ili ipungue nusu, na hufikia kiwango chake baada ya siku 7 au 8. Presha nzuri siku ya kwanza baada ya kuongezewa kizuizi haimaanishi chochote. Mwite siku ya 3, na tena siku ya 7. Klarithromaisini na ritonaviri hushikamana na CYP3A4 na kuiharibu, kwa hiyo hata zikiachwa ini huhitaji siku kadhaa kutengeneza nyingine mpya. Presha ya chini inaweza kuendelea wiki nzima baada ya kidonge cha mwisho. Kama dozi ya presha ilipunguzwa kwa muda, andika kwenye kadi ya mgonjwa tarehe ya kuirudisha, na chini yake jina la dawa iliyosababisha, ili muuguzi wa kliniki inayofuata asidhani dozi ndogo ndiyo yake ya kudumu.